Pikipiki Inayochemsha na Kuzima Kwenye Sailensi: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Ukiwa Nyumbani

Pikipiki inapoanza kuzima kila inaposimama kwenye taa, tiba ya haraka inayotolewa kijiweni ni moja: skrubu ya sailensi, yaani ya mzunguko wa injini pikipiki ikiwa imesimama na mkono wa mafuta umeachiwa, inazungushwa kidogo, injini inanguruma kwa kasi zaidi, na dereva anaondoka akiamini kwamba tatizo limekwisha. Mara nyingi limefichwa tu, na kwa kuwa injini sasa inazunguka kwa kasi hata pikipiki ikiwa imesimama, inachoma mafuta mengi zaidi na kuzalisha joto jingi zaidi mahali ambapo hakuna upepo wa kuipoza. Ndiyo sababu mwongozo huu unayaweka pamoja matatizo mawili ambayo wengi huyashughulikia kila moja kivyake, yaani kuchemsha kwa injini na kuyumba kwa sailensi. Joto huharibu sailensi, na kasoro zinazoharibu sailensi, hasa mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta kidogo, huongeza joto. Kwa hiyo ninasisitiza tangu mwanzo kwamba skrubu ya karabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, iguswe mwisho, baada ya mambo mengine yote kukaguliwa.

Jiji la Dar es Salaam linazidisha uzito wa jambo hili. Mwezi wa Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30, foleni ya Barabara ya Mandela au ya kuelekea Mbagala huilazimisha pikipiki kutambaa kwa gia ya kwanza kwa muda mrefu, vumbi la barabara za ndani za Goba na Chanika huziba eakilina (kichujio cha hewa), na upepo wa bahari wenye chumvi hula viunganishi vya umeme. Injini iliyotengenezwa kupozwa kwa mwendo hukaa muda mwingi bila mwendo.

Jua kwanza pikipiki yako inapozwa na nini

Pikipiki nyingi za biashara hapa mjini, kama vile Boxer BM 150 na TVS HLX 125, hupozwa kwa hewa. Hazina rejeta (kipozeo cha maji) wala maji. Joto hutoka kupitia mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo husaidiwa na oili. Aina nyingine, kama Bajaj Pulsar NS200, KTM 390 Duke na pikipiki kubwa nyingi za Kijapani, hupozwa kwa maji yenye kulanti (dawa ya kupozea injini) yanayozungushwa na pampu kupitia rejeta yenye feni. Ukishajua yako ni ipi, unaweza kuiruka sehemu isiyokuhusu, lakini sehemu za mafuta, hewa na valvu zinazihusu zote mbili.

Vifaa na tahadhari

Vifaa vinavyohitajika si vingi: seti ya spana na soketi, bisibisi bapa na ya nyota, spana ya plagi, fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo), tochi, kopo safi lenye mfuniko, vitambaa, brashi laini, dawa ya kupuliza ya kusafishia karabureta, na mita ya umeme kama unayo. Vyote vinapatikana katika maduka ya vipuri Kariakoo. Fila geji, ambayo madereva wengi hawana, ndiyo ninayoshauri uinunue kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bila hiyo hatua muhimu kuliko zote katika mwongozo huu haiwezi kufanyika. Tafuta pia kitabu cha pikipiki yako, kwa kuwa vipimo ninavyovitaja hapa ni vya kawaida kwa injini ndogo, na kipimo cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Watu wengi hulaza pikipiki sebuleni au kwenye korido kwa kuhofia wezi, na asubuhi huiwasha humohumo ili ipate moto kabla ya kutoka. Usifanye hivyo hata kwa dakika chache. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu waliolala bila wao kujua. Itoe uani kwanza. Kazi yoyote inayohusu petroli ifanyike mbali na jiko la mkaa, jiko la gesi na sigara, na petroli utakayoitoa uiweke kwenye kopo lililofunikwa. Kama pikipiki yako ina rejeta, usifungue kifuniko chake injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo ndani yana shinikizo na yataruka usoni yakiwa na joto linalozidi nyuzi 100. Subiri mpaka uweze kuishika mipira ya rejeta kwa mkono bila kuiachia, kisha ufungue polepole ukiwa umefunika kwa kitambaa kizito.

Hatua ya kwanza: isikilize kabla ya kuifungua

Tatizo la sailensi linalotokea asubuhi tu injini ikiwa baridi ni tofauti kabisa na lile linalotokea baada ya nusu saa ya foleni, na anayeshindwa kuyatofautisha huishia kubadilisha vipuri vizima. Kwa hiyo chukua muda kuichunguza pikipiki ikiwa katika hali zote mbili, na uandike unachokiona.

Ikiwa injini inazima ikiwa baridi lakini inatulia ikishapata moto, shuku jeti (kijitundu cha kupimia mafuta) ndogo ya sailensi iliyoziba kiasi au choki, kifaa cha kupunguza hewa ili injini baridi iwake, isiyofanya kazi. Ikiwa inatulia vizuri asubuhi lakini inazima ikishapata joto, shuku valvu zilizobana, au choki iliyobaki imefungwa, au koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) inayopoteza moto inapopata joto. Hii ya mwisho ina dalili yake: injini huzima ghafla kana kwamba swichi imezimwa, hukataa kuwaka kwa muda, kisha huwaka vizuri baada ya kupoa. Ikiwa mzunguko wa injini unakaa juu na unachelewa kushuka unapoachia mkono wa mafuta, kuna hewa inayoingia mahali pasipostahili au waya wa mafuta umekazwa mno. Ili kutofautisha, iache injini kwenye sailensi na uugeuze usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mlio ukipanda unapogeuza, tatizo ni waya, si karabureta. Na ikiwa injini inashuka chini sana, inatoa moshi mweusi na kunuka petroli, mafuta ni mengi kuliko hewa.

Zingatia pia tatizo lilianza lini. Lililoanza mara tu baada ya kujaza mafuta, baada ya kupita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani, au baada ya kuoshwa kwa mashine ya shinikizo, karibu kila mara linahusu maji kwenye mafuta, kwenye eakilina au kwenye kofia ya plagi.

Hatua ya pili: joto la injini inayopozwa kwa hewa

Injini inayopozwa kwa hewa ni ya moto kwa kawaida yake, na kuigusa kwa mkono hakukuambii lolote. Dalili za kuchemsha kweli ni kupungua kwa nguvu baada ya safari ndefu, mlio wa kugonga ndani ya silinda unapopanda mlima, harufu ya oili inayoungua, na injini kuendelea kuzunguka kidogo hata baada ya swichi kuzimwa.

Anza na mapezi ya silinda. Tope lililokauka na kuchanganyika na oili hufanya blanketi linalozuia joto lisitoke. Lisafishe kwa brashi na maji ya sabuni injini ikiwa baridi. Kumwagia maji baridi injini iliyotoka barabarani kunaweza kupasua chuma au kupinda silinda hedi. Angalia pia kama kuna turubai, mpira au bati lililofungwa mbele ya injini kwa ajili ya kuzuia matope wakati wa masika, kwa sababu vitu hivyo huzuia upepo na mara nyingi husahaulika hapo hadi kiangazi.

Kisha pima oili, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali palipo sawa. Kwenye injini hizi oili ndiyo inayobeba joto kutoka sehemu ambazo hewa haifiki, kama vile chini ya pistoni, na injini ndogo hubeba takribani lita moja tu, kwa hiyo upungufu wa robo lita ni upungufu mkubwa. Tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu, na hakikisha kopo limeandikwa JASO MA au MA2, alama inayoonyesha kwamba oili hiyo inafaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. Oili ya gari dogo inaweza kuifanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza huzalisha joto na kuilazimisha injini kufanya kazi zaidi ya inavyopaswa.

Inua gurudumu la nyuma kwa stendi ya kati na ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika, na injini inavuta mzigo usioonekana kutwa nzima. Mnyororo uliokazwa mno hufanya vivyo hivyo. Na kuhusu mizigo inayoonekana, lazima isemwe wazi kwamba mishikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu kwenye injini ya sentimita za ujazo 100, katika jua la mchana na foleni, ni kuiomba injini ichemshe. Hakuna marekebisho ya uani yatakayoizuia.

Ikiwa yote hayo ni sawa na joto bado lipo, basi chanzo kinachobaki mara nyingi ni mchanganyiko wenye mafuta kidogo, na jibu lake liko kwenye hatua za mafuta na hewa zinazofuata.

Hatua ya tatu: joto la injini yenye rejeta

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta yenyewe na uangalie kiwango. Watu wengi huangalia kopo la akiba peke yake, wakaliona limejaa na kuridhika. Kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta ikiwa nusu tupu, kwa sababu mpira wa kifuniko ukizeeka, kulanti husukumwa kwenda kwenye kopo injini ikipata moto lakini haivutwi kurudi ikipoa. Kifuniko hicho kina kazi kubwa kuliko kuziba tu. Vingi hushikilia shinikizo la takribani baa 1.1, na kwa shinikizo hilo maji ambayo hapa pwani huchemka kwenye nyuzi 100 huweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Kifuniko kilichochoka huondoa kinga hiyo yote, na ni kipuri cha bei nafuu kuliko vyote katika mfumo huu. Kichunguze mpira na springi yake kabla ya kufikiria pampu.

Kuhusu kinachojazwa ndani, kuna imani iliyoenea kwamba kwa kuwa Dar es Salaam hakuna barafu, maji ya bomba yanatosha. Kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya barafu tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka, inalinda aluminiamu isiliwe na kutu, na inalainisha sili ya pampu ya maji. Maji ya visima vya maeneo mengi ya jiji yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya njia nyembamba za rejeta na kuzila kuta zake kutoka ndani. Changanya kulanti na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, isipokuwa kama chupa imeandikwa kwamba tayari imechanganywa. Unaponunua maji hayo kwa jina la maji ya betri, soma lebo kwa makini, kwa sababu jina hilohilo wakati mwingine hutumika dukani kwa asidi ya betri, na asidi haipaswi kamwe kuingia kwenye rejeta wala kugusa ngozi. Usiamini rangi ya kulanti kuwa ndiyo aina yake, na usichanganye aina mbili. Iliyomwagika ifutwe mara moja, kwani nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni tamu kwa ladha na ni sumu kali kwa watoto na wanyama.

Baada ya kujaza, toa hewa iliyonaswa. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache kwenye sailensi, ilaze pikipiki kidogo upande huu na upande ule huku ukiminya mipira kwa kitambaa, na uongeze kulanti kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka yatakapokoma. Funga kabla injini haijapata moto sana. Mapovu yasiyokoma, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili iliyogeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa, ni ishara kwamba gasketi ya silinda hedi imepasuka. Hapo zima injini, na pikipiki ipelekwe kwa fundi ikiwa imebebwa au kusukumwa.

Kwa feni, iache injini ikiwa kwenye sailensi na uangalie mita ya joto. Katika pikipiki nyingi feni huwaka joto likiwa karibu na nyuzi 100. Isipowaka, angalia fyuzi, kisha chomoa soketi ya feni na uiunganishe moja kwa moja na betri. Ikizunguka, feni ni nzima na kasoro iko kwenye swichi ya joto, relei au waya, na viunganishi vyenye kutu ya kijani ndivyo vya kwanza kushukiwa kwa pikipiki inayolala Kigamboni au karibu na ufukwe. Ikikaa kimya, mota imekufa. Hakikisha pia kwamba haizunguki kinyume, jambo linalotokea pale nyaya zilipobadilishana nafasi wakati wa matengenezo ya nyuma. Itakuwa inasukuma hewa dhidi ya upepo wa safari.

Themostati, valvu inayoyaachia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, hukaguliwa kwa mkono. Injini ikiwa imepata moto, mpira unaotoka kwenye silinda hedi ukiwa wa moto sana huku rejeta ikiwa bado baridi, themostati imekwama ikiwa imefungwa. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na upashe moto taratibu: nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 70 na 85. Isiyofunguka ibadilishwe. Kuitupa na kuendelea bila themostati, kama inavyoshauriwa mara kwa mara, huifanya injini ichelewe kupata moto, itumie mafuta mengi, na sailensi iyumbe, kwa hiyo umeondoa tatizo moja na kuleta jingine. Mwisho, mulika chini ya pampu ya maji. Kuna tundu dogo lililoachwa makusudi, na likidondosha kulanti, sili ya pampu imekwisha. Usilizibe tundu hilo kwa gundi, kwa sababu maji yatakayokosa njia yataingia kwenye oili.

Hatua ya nne: mafuta, hewa na plagi

Hizi ni kazi nyepesi, na inashangaza jinsi zinavyomaliza matatizo mengi. Legeza skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la karabureta na umwage mafuta yaliyomo kwenye kopo linaloonyesha. Maji yatakaa chini yakiwa yamejitenga na petroli. Ukiyaona, mwaga pia mafuta ya tangi, la sivyo yatarudi. Kisha fungua koki uone kama mafuta yanatiririka mfululizo kupitia skrubu hiyo. Yakianza vizuri na kufifia, fungua kifuniko cha tangi. Mtiririko ukirudi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na hiyo ndiyo sababu pikipiki huzima baada ya kilomita kadhaa na kuwaka tena baada ya kupumzishwa.

Eakilina ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe kwa kuminywa bila kusokotwa, ikauke kivulini, kisha ipakwe oili kidogo na kuminywa tena. Usiioshe kwa petroli, ambayo huyeyusha gundi yake. Ya karatasi haioshwi. Ikung'utwe vumbi au ipulizwe hewa kutoka ndani kwenda nje, na ikishalowa ibadilishwe. Usiendeshe bila eakilina kwa kisingizio kwamba injini inapumua vizuri zaidi: hewa inazidi, mafuta yanapungua, joto linapanda, na vumbi linasaga silinda.

Plagi ndiyo shahidi wa kinachotokea ndani. Itoe baada ya safari, injini ikishapoa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta mengi, weusi unaong'aa kwa unyevu wa oili unaonyesha ringi za pistoni au sili za valvu, na rangi nyeupe iliyokauka inaonyesha joto kupita kiasi. Nyeupe hiyo ndiyo ya kuogopwa. Nafasi ya plagi kwa injini nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.8.

Hatua ya tano: hewa ya wizi

Kati ya karabureta na injini kuna manifodi, mara nyingi ya mpira, ambayo joto na miaka huipasua. Ufa mdogo unaingiza hewa isiyopimwa, sailensi inapanda na kuchelewa kushuka, na silinda inapata joto. Injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyizia maji ya sabuni kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka viungo vya manifodi. Mlio ukibadilika, umepata ufa. Wako wanaotumia petroli au dawa ya karabureta kwa jaribio hili. Mimi sipendekezi, kwa sababu bomba la moshi lenye moto liko umbali wa kiganja tu. Kaza bolti na klempu, na kama ufa uko kwenye mpira, nunua mpya, kwani gundi haidumu mbele ya petroli.

Hatua ya sita: nafasi ya valvu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza pikipiki nyingi zinazozima zikiwa za moto. Chuma kinapopata joto hutanuka. Valvu iliyowekwa bila nafasi ya kutosha hushindwa kufunga kabisa injini ikiwa ya moto, mgandamizo unavuja, sailensi inakufa, na kingo za valvu ya kutolea moshi zinaungua polepole. Kwa kuwa tapeti (sehemu inayorekebisha nafasi ya valvu) iliyobana haipigi kelele, dereva hufurahia utulivu wa injini inayoharibika.

Maelezo haya ni ya injini zenye skrubu ya kurekebisha tapeti, ambazo ndizo nyingi. Injini iwe imelala usiku kucha. Toa plagi, vifuniko vya tapeti, na vizibo viwili vya pembeni vya kava ya magneti. Zungusha kwa soketi, kwa upande injini inakozunguka, mpaka alama ya T ilingane na alama iliyo kwenye tundu la kuchungulia. Tikisa roka zote mbili, yaani mikono midogo inayosukuma valvu: zikicheza kidogo, uko mahali sahihi, ikiwa mojawapo imebana, zungusha mzunguko mmoja kamili na ujaribu tena. Ingiza fila geji ya kipimo cha kitabu, ambacho kwa injini ndogo nyingi kiko kati ya milimita 0.05 na 0.10, na mara nyingi valvu ya moshi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuingizia. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Legeza nati, rekebisha skrubu, ishikilie isizunguke unapokaza nati, kisha pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe hubadilisha kipimo. Ukiwa na shaka kati ya nafasi finyu na nafasi iliyozidi kidogo tu, chagua ya pili.

Hatua ya saba: jeti ya sailensi

Ikiwa hatua zote zimepita na injini bado haishiki bila choki, sasa fungua bakuli la karabureta. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Jeti ndogo ya sailensi ina tundu jembamba kuliko vyote, na mafuta yaliyokaa wiki kadhaa huacha utando unaoliziba. Puliza dawa, kisha uielekeze jeti kwenye mwanga na uhakikishe tundu linaonekana duara kamili. Usichokonoe kwa pini au waya mgumu, maana ukilipanua tundu hilo kipimo chake hakirudi tena. Angalia pia floti (boya la ndani ya bakuli) isiwe na mafuta ndani na sindano yake isiwe na mkwaruzo unaozunguka ncha.

Hatua ya nane: kuseti sailensi

Endesha pikipiki takribani dakika kumi ili ipate joto la kawaida. Skrubu ya mchanganyiko ikaze taratibu mpaka iguse tu, ukihesabu mizunguko, na uiandike idadi hiyo ili uweze kurudi ulipoanzia. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: skrubu iliyo upande wa eakilina hupima hewa, kwa hiyo kuikaza huufanya mchanganyiko uwe na mafuta mengi zaidi, iliyo upande wa injini hupima mafuta, na kuikaza huyapunguza. Zungusha robo, subiri injini itulie, zungusha robo nyingine, mpaka upate mahali inapozunguka kwa kasi kubwa na laini kuliko pengine. Hapo ndipo skrubu ya sailensi inapoguswa, kuishusha kasi hadi kipimo cha kitabu, ambacho kwa nyingi ni kati ya mizunguko 1,200 na 1,500 kwa dakika. Pasipo na mita, ishushe mpaka injini ianze kuruka, kisha ipandishe kidogo tu.

Pikipiki zenye mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa umeme hazina skrubu ya mchanganyiko, na skrubu yoyote iliyofungwa kiwandani kwa rangi isiguswe. Kazi ya nyumbani huishia kusafisha njia ya hewa kwa dawa yake, kukagua betri na viunganishi, na kusoma jinsi taa ya injini inavyomweka, ambavyo kitabu hueleza maana yake.

Baada ya kazi yoyote kati ya hizi, ipeleke pikipiki kwenye safari fupi yenye foleni, iegeshe usiku, na asubuhi kabla ya kuiwasha angalia chini kama kuna tone la oili, kulanti au petroli, pima tena viwango vyote, na utoe plagi uisome rangi yake upya. Kama bado ni nyeupe, pikipiki isitoke kwenda kazini. Ipelekwe kwa fundi pamoja na karatasi uliyoandikia dalili, hatua ulizopitia, nafasi za valvu ulizopima na mizunguko ya skrubu uliyoikuta, ili asianze kubahatisha kuanzia mwanzo.